Bunju na Mchanga Mkuukuu

Alikuwapo Bunju, samaki msafi wa kupitiliza, akiishi katika tangi la kioo lenye maji ya chumvi pamoja na Jongoo-bahari, mlafi aliyekula mchanga kutwa. Bunju aliuchukia mchanga ule mkuukuu. Kila mara mwenye tangi alipopita, Bunju alijivimbisha na kuununia, mpaka siku moja mwenye tangi akauzoa wote, akamwaga mpya, mweupe pe.

"Unaliona jumba, shemeji?" Bunju akatamba. "Chembe ya uchafu hamna!"

"Wala ya chakula," Jongoo akalalama. "Bahati yangu nilikuwa nimeshashiba."

Haukupita muda maji yakachafuka, yakawa meupe kama tui. Bunju akatweta, matamvua yakimwaka moto. Kumbe waliokuwa wakiyasafisha maji ni viumbe wadogo wasioonekana, na karibu wote walizolewa pamoja na mchanga wao.

"Shemeji, nakufa!"

"Ngoja kwanza, tumbo linanisokota," Jongoo akajibu, na hapo hapo akajisaidia rundo zima la mchanga wa zamani.

"Mbele ya maiti, shemeji? Huna haya!"

Lakini kuanzia kwenye rundo lile maji yakaanza kutakata, polepole, yakaenea, hadi Bunju akavuta pumzi. Akasogea karibu. Vipovu vyembamba vilikuwa vikipanda kutoka kila chembe, kama mji mzima unaopumua. Domo lote likamwisha. Yule msafi wa kupitiliza akateremka taratibu, akainamisha kichwa mbele ya kinyesi, akanong'ona:

"Shikamooni."