Uvimbe wa Mdogo Mtu

Tangu azaliwe, mwili wake haujawahi kumwambia "kaa chini." Hivyo ndivyo alivyojitapa Chuma, mchomeleaji mageti, mwanamke pekee karakanani na mwenye mdomo kuliko wote. Hata kadi ya bima hakuwa nayo. Chuma kinaugua?

Leo alimsindikiza mdogo wake kwa daktari kuchukua majibu ya ultrasaundi, na hata huko hakunyamaza.

"Huyu ndiye mlegevu wetu," alisema, akaketi huku kiti chake kikiziba mlango. "Mimi kuumwa nakusikia redioni tu."

Daktari aliitazama picha kwenye kadi ya bima ya mdogo mtu, akamtazama mwenyewe, akaridhika. "Maumivu yalianza lini?"

"Tangu avunje ungo," Chuma akadakia. "Kila mwezi anajikunja sakafuni."

Mdogo mtu akamgeukia dada yake, macho yamemtoka.

"Ni endometriosisi," alisema daktari. "Tishu kama ile ya ndani ya mfuko wa uzazi imeota kwenye ovari. Kila seli ina jeni zinazoilinda isizaane ovyo. Kwenye tishu hii, wakati mwingine jeni hizo huharibika."

"Yaani mlinzi kasinzia?"

"Au hayupo kabisa. Wengi hawafiki huko. Lakini uvimbe huu kwenye picha una kinyama ndani, na damu inapita humo. Huenda ni saratani. Alazwe leo, kesho tuutoe, maabara ituambie."

Chuma akainuka nusu kitini. "Leo? Si mtupe vidonge tu, twende zetu?"

"Vidonge havitatosha."

Muuguzi akaleta gauni la upasuaji, akamkabidhi mdogo mtu. Binti akalishika kwa ncha za vidole kama kitu kilichookotwa jalalani. Machozi yakamlenga.

"Dada, sema nao basi!"

"Ngoja kwanza, nafikiria."

"Unafikiria nini? Watanipasua!"

Chuma akainama, akaanza kufunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa. Chumba kilikuwa kimemkaba kama kola ya shati la mtoto.

Mlango ukasukumwa, ukagonga kiti chake. Akaingia mpiga picha za ultrasaundi akiburuta mashine. "Daktari, umesema nirudie picha kabla hajalazwa."

Akampita muuguzi. Akampita mdogo mtu na gauni lake. Akasimama mbele ya Chuma, akatabasamu kama mtu aliyekutana na jirani.

"Panda kitandani, dada. Safari hii ukiumia sema, usining'ate mkono tena."