Moshi wa Udi Sebuleni

Siku hizi huruhusiwi kuzaa mpaka uthibitishe kwamba unaweza kulea, na Siwema alikuwa akithibitisha kwa tangi la kioo lililomeza nusu ya sebule. Alikoroga chumvi, akapanga mawe, akasubiri wiki sita maji yatulie. Kisha akapandikiza matumbawe, na mwisho akatia samaki, mmoja mmoja. Mwaka mzima hakulala nje ya nyumba.

Leo mkaguzi alikuwa anakuja kutoa kibali. Siwema aliingia kuoga, na alipotoka akakuta sebule imejaa moshi.

"Mama! Umefanya nini?"

"Si mgeni anakuja?" Bi Mize, mama mkwe wake, alikuwa ameshika chetezo kwa fahari. "Nyumba ya mwanangu haipokei mtu bila udi."

Pampu ya hewa ilishauvuta moshi na kuuingiza majini. Siwema alifungua madirisha, akapepea kwa kanga. Matumbawe yalijikunja moja baada ya jingine, kama ngumi.

Mkaguzi alipoingia alivuta pumzi. "Harufu nzuri," akasema. Kisha akachuchumaa mbele ya tangi, akakaa sana.

"Hayajafa, dada. Ila siwezi kusaini yakiwa hivi. Nitarudi baada ya miezi sita."

Mlango ulipofungwa, Bi Mize alimshika bega. "Nisamehe, mwanangu. Lakini miezi sita si kitu. Kwani mtoto ana haraka gani?"

Chini ya dera pana la Siwema, mtoto alicheza. Alikuwa amebakiza miezi minne azaliwe.