Bi Verna Hapendi Ndevu

"Wewe mwenye ndevu, rudi ukakae," alisema Bi Verna Kolstad kutoka jukwaani. "Mimi na ndevu hatupatani."

Hema zima likaangua kicheko. Mkulima wa watu, ndevu zimemfika kifuani, akashuka huku akijichekesha. Akapanda mwalimu mmoja, kidevu kimenyolewa kinang'aa, akaketi kwenye kiti kilicho chini ya taa na kuanza kueleza jinsi mama yake anavyooka mkate wa mahindi. Kila neno alilolitoa, Bi Verna alilitoa pamoja naye, si kabla wala si baada. Ungedhani mtu mmoja ana vinywa viwili.

Orville Tesch alikuwa amesimama nyuma kabisa, kijicho kimemjaa. Miaka mingi saa hii ya jioni, kwenye maonyesho ya wakulima hapa Iowa, ilikuwa yake na Sherman, mdoli wake wa mbao. Orville humpakata na kumsemea kwa sauti ya kubana, Sherman akawatukana wakubwa wa wilaya, na midomo ya Orville mwenyewe isitikisike hata kidogo. Mwaka huu Bwana Haskell, msimamizi, alikuwa amewahamishia mchana, kwenye banda la ndama. Ndama hawacheki.

Onyesho lilipokwisha, Orville alimwendea Bi Verna kwa nyuma. "Hongera kwa kazi, mama," alisema. Bi Verna akaendelea kukunja shali yake bila hata kugeuka.

"Umeyaona maringo hayo?" Orville alinong'ona.

"Nimeyaona," alijibu Sherman kutoka kwapani. "Na mjinga ni wewe uliyejipendekeza."

Ndivyo walivyoishi hao wawili. Kila Orville alipoaibika, Sherman alimsuta, na Orville hakuweza kujizuia.

Asubuhi yake akaenda kwa Haskell kudai mashindano. Akimchanganya Bi Verna hata kwa neno moja, arudishiwe jioni yake. Akishindwa, afungashe na asionekane tena.

"Una hakika, mzee?" Haskell alimwuliza. "Yule mama ana masikio kama ya sungura."

"Hayo hayo masikio ndiyo nitakayoyaziba."

Akaomba jambo moja tu: lile shindano la wakulima la kupiga kelele za kuita nguruwe lihamishiwe kando ya hema, saa ile ile. Haskell hupenda vurugu yoyote inayojaza viti, akakubali.

Mchana Orville akapata mgeni kwenye banda la ndama. Alikuwa Inga, mdogo wake Bi Verna, yule anayeketi naye jukwaani na kumgusa bega watu wakipiga makofi ili ainuke kuwashukuru. Leso ilikuwa imekunjamana mkononi mwake.

"Bwana Tesch, huyo mdoli utakuja naye?"

"Mnamwogopa?"

"Nauliza tu, jamani."

Orville akaelewa, au alidhani ameelewa. Walikuwa wanaogopa Sherman atawateka watu. Akavimba kichwa. "Mwambie dada yako nakuja peke yangu. Sitaki mtu aseme nimeshinda kwa ujanja. Nitafungua kinywa hiki wazi, hata wa nyuma kabisa waone meno. Na masharubu nayanyoa leo, kwa heshima yake."

"Mungu akuzidishie, kaka yangu," alisema Inga, na machozi yakamlengalenga.

Jioni hema lilifurika. Mchungaji wa Kilutheri aliwekwa katikati yao awe mwamuzi, sikio moja kwa huyu, jingine kwa yule. Orville aliketi chini ya taa, uso umenyolewa, akaanza kisa cha mbuzi wa bibi yake aliyekula kofia ya harusi. Bi Verna akaenda naye neno kwa neno.

Ndipo nje wakulima wakaanza kuita nguruwe. "Suuu-iii! Suuu-iiii!" Wanaume walinguruma, wanawake wakapasua anga, nguruwe wenyewe wakaitikia kutoka mazizini. Mchungaji akaziba masikio, uamuzi akaufanya kwa macho. Orville hakujisikia hata yeye mwenyewe. Akaongeza kasi, akapunguza, akamgeuza mbuzi kuwa punda, akakatiza neno nusu ghafla ili amnase.

Bi Verna akakatiza pale pale, nusu ile ile. Wala jasho halikumtoka.

Watu wakasimama juu ya viti. Mchungaji akanyanyua mkono wa Bi Verna, na Orville akajua kwamba jioni zake zimekwisha. Roho ilimuuma kuliko alivyotarajia.

Akafungasha. Sherman akalazwa ndani ya sanduku, juu yake suti ya kijani. Lakini Orville alilelewa vizuri, hakuondoka bila kuaga. Aliwakuta wale dada wawili nyuma ya jukwaa, Bi Verna amempa mgongo akivua kofia.

"Mama, nimekubali," alisema Orville. "Umenishinda kihalali."

Bi Verna hakugeuka.

"Yaani hata kuagana hataki?"

"Zunguka usimame mbele yake, kaka," alisema Inga kwa upole. "Dada yangu hajasikia kitu tangu ile homa ya mwaka alioolewa. Tulipoambiwa mpinzani wake ni wewe, tulianza kufunga mizigo."

Orville akazunguka hadi mbele, kwenye mwanga, midomo ameifumba. Sauti ya Sherman ikatoka sandukuni: "Orville, mjinga kama wewe Iowa nzima haijapata kuona."

Inga alicheka hadi akashika mbavu. Bi Verna aliendelea kuitazama midomo ya Orville, akingoja aanze kusema.