Mteja Anayemsifia Fundi

Msimamizi wa kundi la wafanyabiashara la mtandaoni aliandika mbele ya wote: "Fundi, huyu mteja anayekusifia kila siku ni nani? Anayejisifia kwa namba nyingine tunamtoa."

Mashavu ya Fundi yaliwaka moto. Oda zake zote za kushona zilitoka kwenye kundi hilo, na yeye hakumjua mteja huyo. Labda ni mshindani anayemchimbia shimo.

Akaifungua picha iliyo kwenye namba ya mteja: gauni la bluu limetundikwa mlangoni. Chini ya kitasa rangi ilikuwa imebanduka kwa umbo la sikio.

Akainua macho. Sikio lile lile lilikuwa kwenye mlango wa chumba cha mama mkwe, ambaye tangu aolewe hajamwambia zaidi ya, "Punguza makelele ya cherehani."

Akaandika kundini, "Naomba dakika moja." Simu ikalia mlio wa ujumbe chumbani kwa mkwe.

"Mama, unafanya nini?" Fundi akauliza.

"Nimelala! Kwani siruhusiwi kulala kwa mwanangu?"

Papo hapo mteja akaandika: "Mwacheni mtoto wa watu. Anashona kuwashinda nyote."

"Fundi, tunasubiri," msimamizi akaandika.

Fundi aliutazama mlango, akajifuta machozi, kisha akaandika: "Nisameheni. Namba hiyo ni yangu."