Kilo Ishirini za Tunu

Kila aliyevuka miaka arobaini huvaa bangili inayompimia kilo za kunyanyua kwa siku. Zikiisha, mikono hulegea mpaka kesho yake. Jana kilo za Sikudhani ziliishia kwenye vyuma vya mazoezi, na Tunu, bintiye wa miaka mitano, akapitiwa na usingizi sakafuni akisubiri kubebwa.

Leo Sikudhani alipunguza seti mbili za vyuma, akabakiza kilo ishirini, uzito wa Tunu kamili. Akachuchumaa mlangoni, mikono wazi.

"Njoo nikubebe, mwanangu."

Tunu akaigeuza bangili kwanza, akaisoma kama daktari.

"Ishirini tu, mama? Zitunze, zisije zikakuishia," akasema, akarudi kuwalaza wanasesere wake wapumzike.

Sikudhani alibaki amechuchumaa, mikono bado wazi, bangili ikiwaka kijani.