Kona ya Nungunungu

Wanyama walipofanya kazi wote chini ya paa moja, paa hilo lilikuwa kichuguu, na sheria ilikuwa wazi: kiko kivutwe nje. Nungunungu mkaidi alivutia ndani.

“Mzee, sheria,” alisema Mchwa, aliyekijenga kichuguu na kukijua tundu kwa tundu.

“Binti, mimi navutia kwenye kona yangu. Nimekufuata kwenye yako?”

“Basi kiache kiko kikiwaka hapo hapo, twende nje ukaione hiyo kona.”

Wakatoka. Nungunungu akainua macho, miiba yote ikamsimama. Kichuguu kizima kilikuwa kinapumua moshi. Ulitoka jikoni kwa Panya, ukatoka ofisini kwa Sungura, ukatoka kwenye matundu asiyowahi kujua kama yapo, taratibu, bila kelele, kana kwamba mlima ndio unaovuta kiko. Na kwenye tundu la juu kabisa, la chumba walimolelewa watoto, ulitoka moshi mzito kuliko kote, pamoja na kikohozi. Kikohozi hicho alikijua. Miezi mitatu alikuwa akikitibu kwa asali.

“Mwanangu yuko mle,” alinong'ona.

“Yuko kwenye kona yako, mzee.”

Nungunungu aliingia mbio, akatoka amembeba mtoto mkono mmoja, kiko mkono wa pili. Jioni, aliyerudishwa ndani ni mtoto tu.