Lango la Akina Badhuheri

Jeneza la baba yake lilipofika kwenye makaburi ya ukoo wa Badhuheri, Feruzi alimkuta Mzee Ghalibu, mkuu wa ukoo, amesimama langoni.

"Jina letu mlipewa na mabwana wenu enzi za utumwa," alisema Ghalibu. "Damu hamkupewa. Mzikeni kwingine."

Feruzi akamsogelea hadi pumzi zao zikakutana. "Damu tunayo. Marehemu alitaka kujua asili ya jina lake, akapima vinasaba na mwanao Nasoro. Wameonekana ni wa babu mmoja. Muulize, yuko nyuma yako."

Nasoro akaitikia kwa kichwa. Uso wa Ghalibu ukalegea, akafungua lango. "Kumbe ni ndugu zetu! Mwingizeni, jamani."

Hapo ndipo hasira ilipompanda Feruzi.

"Ndugu? Na bibi yetu, mtumwa aliyefungiwa chumbani kwa babu yenu, nani alimuuliza kama anataka? Geuzeni jeneza, tukamzike kwingine!"

Wabebaji wakaligeuza. Ghalibu akawakimbilia, kandambili zikamvuka, akatia bega lake chini ya jeneza. Feruzi alimkodolea macho, asimwambie abebe wala asimwambie aache.